Ufunguo Umezama Nungwi, Mgeni Hataki Kulipa

Safu ya mwezi huu nimewaachia wenyeji wanaokodisha vyumba na nyumba kwa siku chache chache, kwa sababu barua zao zimekuwa nyingi kuliko za wasomaji wengine wote. Nimechagua nne. Majina ya walioandika nimeyaondoa, na pale maneno yalipokuwa makali mno nimeyapunguza ukali bila kugusa madai yenyewe.

Barua ya kwanza: Nina nyumba ya urithi Kiponda, Mji Mkongwe, Zanzibar, na ghorofa ya juu naikodisha kwa watalii. Mwezi uliopita nilipokea mke na mume kwa siku tano. Siku ya tatu walikwenda Nungwi kuogelea, mume akaingia baharini na ufunguo mfukoni, ukazama. Hawakunipigia simu mpaka walipokuwa mlangoni saa saba za usiku. Mimi ninaishi Fuoni na ufunguo wa akiba ninao peke yangu, ikanibidi nitafute bodaboda usiku ule. Asubuhi fundi akabadilisha kitasa kizima: kitasa shilingi 45,000, ufundi 15,000. Niliwadai dola 100, kwa kuwa usumbufu nao una bei yake. Wamekataa, wanasema ufunguo mmoja haufiki bei hiyo na kwamba sikuwaambia popote kuwa watalipa. Je, nina haki? Na nikishikilia, si wataniandikia maoni mabaya?

Dada yangu wa Kiponda, haki ya kudai unayo, ila si ya dola 100. Umetumia shilingi 60,000 kwa kitasa na ufundi, na tukiongeza nauli ya bodaboda ya usiku, ya kwenda na kurudi, bado hatufiki hata theluthi moja ya ulichodai. Kilichobaki ni bei ya hasira, na hasira haina risiti. Mgeni akiona kiasi kimepita gharama, hata ile sehemu aliyokuwa tayari kuilipa huanza kuibishia, na ndipo mazungumzo ya ufunguo yanapogeuka kuwa mazungumzo ya heshima. Mwandikie leo, umtajie gharama tatu zilizotoka mfukoni mwako, umwambatishie picha ya risiti ya kitasa na maandishi ya fundi, na useme wazi kwamba dai la kwanza umelifuta.

Andika hayo ndani ya programu iliyokupatia mgeni, wala usiyapeleke kwenye WhatsApp. Ikiwa ni Airbnb, kama wengi wenu, dai la uharibifu au hasara linatakiwa liwasilishwe ndani ya siku 14 tangu mgeni aondoke, na mgeni hupewa saa 24 kulijibu kabla hujaiomba kampuni yenyewe iingilie. Barua yako haikusema waliondoka lini, kwa hiyo hesabu siku hizo kabla hujamaliza kunisoma. Fedha za mkononi usizipokee hata wakikubali, maana zikishapita nje ya programu huna pa kushika yakizuka maneno mengine.

Kuhusu maoni, wewe na mgeni mna siku 14 kila mmoja kuandika ya kwake, na hakuna anayeyaona ya mwenzake mpaka wote wawili wawe wameandika au muda uwe umekwisha. Hivyo mbio za kutangulia kumchafua mwenzako hazina faida. Usimwambie mgeni hata kwa utani kwamba ukilipwa utamwandikia vizuri, kwa kuwa kufungamanisha maoni na fedha ni kosa kwa kanuni zao, na kosa hilo humshika mwenyeji sawasawa na mgeni. Akiandika vibaya, mjibu hadharani kwa mistari mitatu iliyotulia: ufunguo ulipotea, nilifika usiku uleule, nilidai gharama halisi. Wageni wajao husoma jibu lako kuliko lawama yenyewe.

Sasa nirudi kwenye jambo ambalo hukuuliza. Kwa nini fundi alibadilisha kitasa kizima? Vipo vitasa vya zamani ambavyo ufunguo wake ni mrefu wenye meno mwishoni, na hivyo mara nyingi hubadilishwa vyote. Lakini kama ufunguo wako ni bapa na tundu lake liko kwenye kipande cha shaba kinachopenya mlango upande hadi upande, hicho kipande kinaitwa silinda, na ndicho peke yake kinachohitaji kubadilishwa. Unalegeza skrubu ndefu iliyo kwenye ubavu wa mlango, usawa wa tundu la ufunguo, unatia ufunguo wa akiba, unauzungusha kidogo tu mpaka jino la katikati lijifiche ndani ya silinda, kisha unaivuta inatoka. Kabla ya kwenda Darajani kununua nyingine, pima kwa milimita kutoka tundu la skrubu kwenda kila upande. Utakuta 30 kwa 30, au 35 kwa 35, au pande mbili zisizolingana. Nenda na ile ya zamani mkononi ili muuzaji asikubahatishie. Kazi yote ni ya dakika kumi na bisibisi moja, na mwenyeji mwenye silinda ya akiba ndani ya kabati halazimiki kumngoja fundi.

Nauliza pia kama ilikuwa lazima kubadilisha. Ufunguo uliozama baharini, zaidi ya kilomita 50 kutoka mlango wake, hauna hatari kubwa. Ila kauli ya kwamba umezama ni ya mgeni, na mgeni mwenye aibu husema bahari hata pale alipousahau kwenye kiti cha daladala. Kinachoamua ni kilichoning'inia kwenye ufunguo huo. Ikiwa kilikuwa kibao chenye jina la nyumba na mtaa, badilisha siku hiyohiyo bila kusikiliza hadithi, maana aliyeuokota ameokota na anuani. Ikiwa ni ufunguo mtupu wenye namba ya simu peke yake, una nafasi ya kungoja asubuhi na kufikiri. Nawaomba wenyeji wote wa Mji Mkongwe mliotengeneza vibao vya mbao vilivyochongwa jina la nyumba, vizuri kama vilivyo, mvitundike ukutani na muviondoe kwenye funguo.

Badala yake, chukueni kipande cha ndala kuukuu, ukubwa wa kiberiti, mkitoboe na kukifunga kwenye ufunguo kwa uzi wa nailoni. Vijana wa ngarawa hufanya hivyo miaka yote. Ufunguo hauzami, mgeni hucheka anapokabidhiwa, na kwa kucheka huko anakumbuka kuwa ana kitu cha kutunza.

Lawama iliyobaki, dada yangu, ni yako. Ufunguo wa akiba ukikaa Fuoni na nyumba iko Kiponda, huo si wa akiba. Kila mlango unaokodishwa uwe na funguo tatu zilizochongwa na kujaribiwa: mmoja wa mgeni, mmoja wako, na mmoja kwa mtu anayelala hatua chache kutoka mlangoni, aliyekubali kuamshwa na anayelipwa kwa kuamshwa. Muuza duka wa chini au jirani wa barazani atakusaidia mara mbili kwa ujirani. Mara ya tatu ataizima simu, na atakuwa na haki. Neno "kujaribiwa" nimelitia makusudi, kwa sababu ufunguo uliochongwa kutoka kwenye nakala ya nakala huingia vizuri mchana dukani na kukwama usiku mlangoni. Chumvi ya bahari nayo hula shaba taratibu. Kitasa kikianza ugumu msikitie mafuta ya kupikia, yanashika vumbi. Sugueni ncha ya penseli kwenye meno ya ufunguo, muutie na kuutoa mara kadhaa, unga ule mweusi hulainisha bila kunata.

Kabla hujaniona mkali, nikueleze langu. Miaka michache iliyopita nilimtoza mgeni mmoja shilingi 40,000 za ufunguo aliodai kuuacha juu ya meza, nami nikaapa kuwa mezani hapakuwa na kitu. Alilipa bila kubisha, akaondoka. Baada ya wiki mbili, siku ya kukunjua mashuka yaliyotoka kwa dobi, ufunguo ulidondoka kutoka ndani ya foronya na kulia sakafuni. Aliyekusanya mashuka mezani asubuhi ile nilikuwa mimi. Kurudisha fedha kulikuwa rahisi. Ujumbe wa kuzisindikiza niliuandika mara nne. Tangu siku hiyo mgeni hanikabidhi ufunguo kwa kuuacha mahali. Ananipa mkononi, au anautumbukiza kwenye kisanduku na kunitumia picha.

Barua ya pili: Mgeni wangu wa Nyali, Mombasa, ameondoka na funguo zote mbili za fleti na kuzikumbuka akiwa Muscat. Ameomba radhi sana na anasema atazituma kwa posta. Je, nimngoje? Na je, wakati umefika wa kununua kitasa cha namba za siri?

Usimngoje. Hata zikifika salama, huwezi kujua zilipita mikononi mwa nani, na mgeni wako wa kesho anastahili mlango ambao wewe unajua nani ana ufunguo wake. Badilisha silinda, mdai gharama ya silinda peke yake, na radhi yake uipokee kwa moyo mweupe, maana wengi hata hawaombi.

Kitasa cha namba ni kitu kizuri kwa fleti, na kimenunuliwa na wengi kwa matumaini yaliyozidi kidogo. Kinatumia betri, kwa hiyo stima ikikatika mlango bado unafunguka. Kinachokufa ni intaneti, na hapo huwezi kubadilisha namba ukiwa mbali. Chagua chenye tundu la ufunguo wa kawaida pembeni au sehemu ya kugusisha betri kwa nje kitasa kikiishiwa nguvu. Badilisha betri kwa tarehe uliyojipangia, usisubiri kikulilie. Namba ya kila mgeni iwe yake na ife siku anayoondoka. Usitumie tarakimu nne za mwisho za simu yako, kwani kila aliyewahi kukupigia anazo. Fleti iliyo karibu na maji, uliza kwanza kama kifuniko chake kinastahimili chumvi, la sivyo vibonyezo vitaanza kukwama kabla msimu haujaisha.

Wenye nyumba za Mji Mkongwe wasinielewe vibaya: silishauri kitasa hicho kwenye mlango wa kuchonga. Mji ule umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na mlango wa zamani ukishatobolewa haushoneki. Mlango wa nje ubaki na mnyororo na kufuli lake, namba za siri ziende kwenye mlango wa chumba.

Barua ya tatu: Nina apatimenti Mikocheni, Dar es Salaam. Mgeni alikodi kwa watu wawili, wakaja wanane na spika. Majirani walinipigia saa sita za usiku, mlinzi akaogopa kuwagusa. Nilizima umeme kwenye mita ili waondoke, wakaanza kugombana na mlinzi, na sasa wanadai fedha zao zote. Rafiki yangu ananishauri nifunge kamera sebuleni na niwe nashika pasipoti ya mgeni mpaka siku ya kuondoka. Unasemaje?

Mwanangu, ulikuwa na haki mikononi ukaiacha ipotee gizani. Mpaka dakika ile ya kuzima umeme, kosa lote lilikuwa la mgeni: idadi aliyoahidi haikuwa hiyo, na sherehe za namna ile Airbnb imezipiga marufuku duniani kote, kwanza kwa muda mwaka 2020, kisha moja kwa moja mwaka 2022. Ulipozima umeme ukampa na yeye la kusema, kwamba alilipia nyumba yenye taa akawekwa kizani na wageni wake. Kukata umeme, kufunga maji, kuingia bila hodi, kuvitoa vitu nje: hayo yote humfanya mwenye kosa aonekane aliyekosewa.

Mpangilio ungekuwa huu. Kwanza ujumbe kwenye programu, mfupi na wenye saa: "Nyumba imekodiwa kwa watu wawili, nimearifiwa kuwa wapo wanane na muziki umewasumbua majirani. Tafadhali wageni wa ziada waondoke kabla ya saa saba." Kisha simu kwa huduma ya kampuni ukiwa bado na ushahidi wa moto. Mlinzi ahesabu watu wanaoingia na kutoka getini na kuandika kwenye daftari lake, kazi ambayo haimtaki amguse mtu. Ikipita saa uliyoitaja, mpigie mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na polisi ikiwa ugomvi umeanza. Nimeona mara zaidi ya moja sherehe ikivunjika kwa mwenyekiti kusimama tu mlangoni na tochi, akiuliza nani mwenye nyumba hapa.

Kwa sasa, mrudishie fedha za usiku ambao hawakulala humo, ikiwa kweli waliondoka, na ukatae zilizobaki ukiambatisha daftari la getini. Hilo la umeme likiri mwenyewe kabla halijasemwa nao.

Kamera ya sebuleni, hapana. Tangu tarehe 30 Aprili 2024 Airbnb hairuhusu kamera yoyote ndani ya nyumba, hata ikiwa imezimwa na hata mgeni akiwa ameambiwa. Getini au mlango wa nje unaweza kuiweka, mradi umeitaja kwenye tangazo na kueleza inatazama wapi.

Pasipoti, hapana zaidi. Pasipoti ni mali ya serikali iliyoitoa, na kuishika kama rehani ya glasi na mashuka ni jambo lisilokupasa. Andika jina, namba na uraia kwenye kitabu chako cha wageni, mrudishie palepale. Ukipiga picha ya ukurasa wake, jua kuwa umeshika taarifa binafsi za mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, haikuruhusu kuziacha zizagae kwenye kundi la WhatsApp la wafagiaji, walinzi na madereva. Nalisema hili kwa sababu nimeziona huko kwa macho yangu.

Barua ya nne: Mgeni wangu wa Jambiani alikaa wiki nzima akinung'unika kwa mama anayepika: adhana ya alfajiri inamwamsha, jogoo wa jirani wanawika, umeme umekatika mara mbili, na bahari "imeondoka" kila anapotaka kuogelea. Kwangu mimi hakusema neno mpaka siku ya mwisho, aliponiandikia nimrudishie nusu ya fedha, la sivyo atanichafua kwenye maoni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni anayelipa tumpe nini?

Anayelipa hapewi jembe, anapewa ukweli, na apewe kabla hajalipa. Nusu ya wageni tunaowaita wasumbufu walisumbuliwa kwanza na picha zetu. Tangazo lako nimelisoma. Picha zote saba zimepigwa maji yakiwa yamejaa, bluu mpaka ukutani. Hakuna hata moja yenye kina mama wa mwani wakitembea kwenye mchanga mtupu, na huo ndio uso wa Jambiani mara mbili kila siku. Sisi tuliozaliwa pwani tunajua kupwa na kujaa kama tunavyojua mlango wa nyumbani, kwa hiyo hatuoni haja ya kukueleza. Mtu aliyetoka mji usio na bahari anafikiri ameibiwa. Mweleze kwamba maji hubadilika kila baada ya saa sita na ushei, kwamba saa zake husogea mbele karibu dakika 50 kila siku, kwamba wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hujaa sana na kutoka mbali mpaka karibu na mwamba, na wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo. Kisha mwachie karatasi ya saa za maji za siku zake mezani. Mgeni mwenye karatasi ile hupanga kuogelea asubuhi leo na mchana keshokutwa, na maji yakitoka huvaa viatu akaenda kuangalia mwani.

Adhana usiiombee radhi. Iandike kwenye tangazo kwa sentensi moja ya kawaida, kwamba nyumba iko kijijini, msikiti uko karibu, adhana ya alfajiri husikika, na anayependa ukimya wa hoteli ya ufukweni hii si nyumba yake. Jogoo watajwe hapohapo. Utapoteza wageni wachache, na hao ndio uliokuwa ukiwatafutia jibu leo.

Kitisho chake cha maoni kihifadhi kilivyo na ukipeleke kwa kampuni, maana kudai fedha kwa kutishia maoni hakuruhusiwi. Pia Airbnb, ikiwa ndiyo unayotumia, wanataka mgeni mwenye tatizo aliripoti ndani ya saa 72 tangu aligundue, na huyu hakuandika lolote mpaka siku ya mwisho. Hata hivyo mwambie mama anayepika kuwa kuanzia sasa kila nung'uniko akuletee jioni hiyohiyo. Alichosikia yeye siku ya kwanza ungekimaliza siku ya pili.

Umebaki umeme. Mwishoni mwa barua yako umeandika, kwa maandishi madogo, kwamba mara ya kwanza kijiji kizima kilikuwa gizani, lakini mara ya pili ni uniti za Tukuza (umeme wa kulipia kabla) zilizoisha saa nane za usiku na wewe ulikuwa umelala. Ile ya kwanza ni ya kijiji. Ya pili ni yako, feni ilisimama usiku wa joto kwa sababu mwenyeji alinunua uniti za siku tatu kwa mgeni wa siku saba. Mrudishie usiku ule mmoja, kamili, hata kama ameshaandika alichotishia kuandika, na kabla mgeni wa Ijumaa hajafika tia uniti za wiki nzima na uandike namba ya mita ndani ya mlango wa kabati la jikoni.